Binti Yangu Anahitaji Bunduki Yake ya Kwanza ya Trapu: Nianzie Wapi?

Ndugu Mshauri,

Pokea salaam kutoka Minnesota. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na familia yangu imeishi hapa Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Binti yetu wa kwanza ana umri wa miaka kumi na mitano na yuko darasa la tisa. Msimu huu wa machipuko alijiunga na timu ya shule ya kulenga visahani, mchezo unaoitwa trapu, ambao mashine iliyofichwa ndani ya kibanda kifupi hurusha kisahani angani, naye mchezaji hutakiwa kukivunja kwa bunduki ya marisawa kabla hakijaanguka. Nakiri kwamba nilishangaa. Sisi tuliokulia nyumbani bunduki tuliiona mabegani mwa askari tu, na sikuwahi kufikiri kwamba mwanangu angechagua mchezo wa namna hii. Hata hivyo, amefaulu mafunzo ya usalama wa silaha yanayotambuliwa na Idara ya Maliasili ya jimbo, ameipenda timu yake, na hata masomoni naona ametulia zaidi.

Kwa sasa hutumia bunduki ya timu, ambayo hupokezana na wenzake. Kwa kawaida huvunja visahani kumi na vitatu au kumi na vinne kati ya ishirini na vitano. Hurudi nyumbani akiwa na wekundu shavuni na alama begani, lakini husema si kitu. Kocha ametushauri kwamba kabla ya msimu ujao ingefaa awe na bunduki yake mwenyewe, nami hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu kila ninayemuuliza ana jibu lake. Muuzaji wa duka moja alinionyesha bunduki ya pampu yenye mtutu mfupi wa inchi 18 na nusu, ya bei nafuu sana, akasema itafaa pia kulinda nyumba. Mfanyakazi mwenzangu ambaye ni mwindaji ananihimiza ninunue geji 20 iliyo nyepesi (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipungua, mtutu ni mpana zaidi), kwa kuwa binti ana mwili mdogo. Mzazi mwenzangu katika timu anauza bunduki aina ya Browning BT-99 iliyotumika kwa dola 900, na bajeti yangu yote ni dola 1,000.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kuliko haya. Mke wangu hataki silaha ilale ndani ya nyumba yetu, ambamo tuna watoto wengine wawili wadogo. Simlaumu, lakini pia sitaki kumvunja moyo binti yetu. Naomba ushauri wako.

Baba wa Watoto Watatu, Minnesota

*

Ndugu yangu mzazi,

Jambo la maana kuliko yote katika barua yako umelitaja kwa kupita tu: wekundu wa shavuni. Binti anasema si kitu kwa sababu ni mvumilivu na anaogopa kuondolewa uwanjani, lakini mlengaji ambaye bunduki yake inamkaa sawasawa hatakiwi kurudi nyumbani na shavu lililopigwa. Alama hiyo inakuambia kwamba bunduki ya timu haikutengenezwa kwa mwili wake, na inaeleza pia, kwa sehemu kubwa, kwa nini anaishia visahani kumi na vinne.

Bunduki ya marisawa haina kionea-shabaha cha nyuma. Juu ya mtutu kuna kishanga kimoja karibu na mdomo, na kwenye bunduki nyingi za trapu kingine kidogo katikati. Kazi ya kionea-shabaha cha nyuma hufanywa na jicho lenyewe la mlengaji. Mahali jicho lilipo ndipo panapoamua marisawa yaende wapi, na mahali hapo hupangwa na kitako: urefu wake, na kimo cha mgongo wake, yaani ule ukingo wa juu ambapo shavu hulala. Kitako kikiwa kirefu mno, binti hulazimika kujinyoosha shingo na kujisukuma nyuma, kitako hakikai vizuri begani, na teke la bunduki hutafuta pengo la kupita. Mgongo ukiwa chini mno, huinua kichwa ili aone, shavu huachana na mbao, na risasi inapolipuka mbao hurudi kumkuta shavuni. Bunduki nyingi za dukani hapa Marekani hutoka kiwandani zikiwa na umbali wa takribani inchi 14 na robo hadi 14 na nusu kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kipimo kinachomfaa mwanamume mzima wa kimo cha kawaida. Msichana wa miaka kumi na mitano mwenye mwili mdogo huenda akahitaji inchi 13 au pungufu kidogo.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata dola moja, fanyeni vipimo viwili mbele ya kocha.

Cha kwanza ni cha jicho. Binti anyooshe mikono yote miwili mbele, akutanishe viganja vyake aache tundu dogo katikati, kisha kwa macho yote mawili wazi aangalie kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, kwa mfano saa ya ukutani. Arudishe mikono polepole usoni bila kukipoteza kile kitu. Mikono itaishia kwenye jicho moja, nalo ndilo jicho linalotawala. Ikiwa anatumia mkono wa kulia na jicho linalotawala ni la kushoto, mtutu utakuwa mbele ya jicho moja huku ubongo ukifuata jingine, na atakosa visahani vya upande mmoja bila kujua sababu. Wapo wanaobandika kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha miwani upande wa kushoto, nacho husaidia. Lakini kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza, mimi napendelea ajifunze kulengea bega la kushoto moja kwa moja, kwa kuwa bado hajajenga mazoea ya miaka. Jibu la kipimo hiki linabadilisha kabisa bunduki ya kununua: bunduki inayojijaza yenyewe hutupa maganda upande wa kulia, na mlengaji wa kushoto huyaona yakipita mbele ya uso wake. Kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, lakini zilizotumika hazipatikani kwa urahisi.

Cha pili ni cha kitako. Bunduki ifunguliwe, watu wawili wahakikishe haina risasi, na mtutu uelekee upande salama ambako hakuna mtu. Binti afumbe macho, aipandishe bunduki shavuni kwanza kisha begani kama alivyozoea, halafu afumbue macho bila kusogeza kichwa. Aseme yeye mwenyewe anachoona. Mtu yeyote asisimame mbele ya mtutu kumchungulia, hata kama kila mmoja ana hakika kwamba haina kitu. Kwenye bunduki ya trapu yenye vishanga viwili, anatakiwa akione cha mbele kikiwa kimekaa juu ya cha katikati, vikiunda mfano wa namba nane. Akiona nyuma ya mwili wa chuma wa bunduki tu na vishanga vimepotea, mgongo wa kitako uko chini mno kwake. Akiona ukanda mrefu wa mtutu kama barabara inayopanda mlima, uko juu mno. Kati ya pua yake na kidole gumba cha mkono ulioshika kitako pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pua ikigusa gumba, kitako ni kifupi.

Hapa niseme kwa nini bunduki ya trapu hutengenezwa tofauti na ya kuwindia. Katika trapu ya Kimarekani inayofuata kanuni za ATA, chama cha mchezo huu cha Marekani, mlengaji husimama yadi 16 nyuma ya kibanda, na kisahani hutoka kikipanda na kukimbia mbali naye, kila mara kikielekea upande asioujua. Kwa kuwa hupigwa kingali kinapanda, bunduki ya trapu hupewa kitako kilichoinuka ili asilimia 60 hadi 70 ya marisawa yapite juu ya pale mlengaji anapoelekeza. Faida yake ni kwamba binti hukiona kisahani kikielea juu ya kishanga muda wote, wala hahitaji kukifunika kwa mtutu na kubahatisha. Bunduki ya kuwindia ndege hupiga karibu na usawa wa kishanga. Inaweza kutumika, na wengi wameanza nayo, lakini humlazimu mlengaji akizibe kisahani anapotaka kufyatua.

Sasa nije kwa washauri wako watatu.

Bunduki ya muuzaji wa duka uiache. Mtutu wa inchi 18 na nusu ni mwepesi, huanza kuzunguka haraka na kusimama haraka, wakati trapu inahitaji mtutu mrefu unaoendelea kwenda hata baada ya kifyatulio kuvutwa. Ndiyo maana mitutu ya trapu huwa ya inchi 30 hadi 34. Tena mtutu mfupi wa namna hiyo kwa kawaida hauna mbano mdomoni, yaani ule wembamba wa mwisho wa mtutu unaoyaweka marisawa pamoja, kwa hiyo marisawa hutawanyika mapema, na kufikia yadi 33 au 35, ambako visahani vingi huvunjwa, huwa yameacha mapengo ambayo kisahani chenye upana wa sentimita 11 hupenya kikiwa kizima. Kwa yadi 16 binti yako anahitaji mbano wa kati, ule unaoitwa modified, au unaoufuata kwa ukali, improved modified. Na hoja ya kulinda nyumba iondoe kabisa katika mazungumzo haya. Bunduki ya kulinda nyumba watu hutaka iwe karibu, tena iwe tayari. Bunduki ya mwanafunzi hutakiwa iwe mbali, tena iwe tupu. Huwezi kuwa na zote mbili katika silaha moja ndani ya nyumba yenye watoto wadogo.

Mfanyakazi mwenzako mwindaji anakutakia mema, lakini hesabu yake ina kasoro ambayo wazazi wengi hapa huirudia. Teke la bunduki hutokana na uzito wa marisawa na kasi yanayotoka nayo, yakilinganishwa na uzito wa bunduki yenyewe. Risasi ya kawaida ya geji 20 hubeba aunsi 7/8 za marisawa, sawa na gramu 25 hivi. Risasi za geji 12 zenye uzito huohuo zipo pia. Ukizipiga kwa kasi ileile, moja kutoka geji 20 yenye pauni sita na nyingine kutoka geji 12 yenye pauni nane, ile nyepesi ndiyo itakayomuumiza. Uzito ni rafiki wa bega, mradi binti anaweza kuuinua mara ishirini na tano bila mikono kutetemeka. Kwa hiyo mpe geji 12 yenye uzito wa kutosha, na umpunguzie marisawa: aunsi 7/8 au aunsi moja inatosha kabisa kwa yadi 16, ingawa kanuni zinaruhusu hadi aunsi 1 na 1/8, ya marisawa yasiyozidi ukubwa wa namba 7½.

BT-99 ya mzazi mwenzako ni shauri jema zaidi kati ya matatu. Browning walianza kuiuza mwishoni mwa miaka ya 1960, hutengenezwa Japani na Miroku, ina mtutu mmoja na risasi moja, na ilibuniwa kwa trapu peke yake. Ligi ya shule hulengea kisahani kimoja kwa wakati mmoja na risasi moja tu kwa kila kisahani, kwa hiyo hatapungukiwa na kitu. Ikifunguliwa, kila mtu uwanjani huona kwamba ni tupu. Thamani yake haishuki sana, na akiacha mchezo utaiuza kwa bei isiyo mbali na uliyonunulia. Wasiwasi wangu ni mmoja: kitako chake ni cha mtu mzima, na matoleo mengi ya zamani hayana mgongo unaorekebishwa. Fundi wa bunduki anaweza kukikata na kuweka mpira mzuri wa kupokea teke, lakini kazi hiyo ni gharama juu ya dola 900, na bajeti yako imekwisha. Mkikubaliana kukata, mwambieni fundi akirudishieni kile kipande cha mbao, kwa maana binti bado anakua na kinaweza kurudishwa mahali pake. Muombe mzazi mwenzako aruhusu binti apige raundi mbili kwa risasi nyepesi kabla ya kupatana bei. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kama ningekuwa mahali pako na bajeti hiyohiyo, na kama jicho la binti ni la kulia, ningetafuta bunduki inayojijaza yenyewe kwa nguvu ya gesi, iliyotumika lakini iliyotunzwa: Remington 1100, au moja ya ukoo wa Beretta A300. Sehemu ya gesi ya risasi husukuma mtambo wake nyuma, kwa hiyo teke lilelile hugawanywa katika muda mrefu zaidi, na bega hulisikia kama msukumo badala ya ngumi. Remington 1100 imekuwapo tangu 1963 na ilitengenezwa kwa wingi, hivyo vipuri vinapatikana ingawa kampuni ya awali ilifilisika na kuuzwa vipandevipande mwaka 2020. Ukiikagua, mwombe muuzaji afungue mtutu akuonyeshe pete ndogo ya mpira inayokaa kwenye bomba la risasi. Ikiwa imepasuka au haipo, bunduki hushindwa kujijaza, na watu wengi wameziuza kwa bei ya kutupa wakidhani zimeharibika, kumbe dawa yake ni pete hiyo ya bei ndogo. Kitako cha plastiki au cha mbao kilichofupishwa hupatikana bila shida. Itambidi aisafishe mara kwa mara, kwa maana masizi ya gesi ndiyo adui wake, na aweke kidaka-ganda pembeni ili maganda ya moto yasimrukie mwenzake wa kulia. Ajaribu risasi za aunsi 7/8 kabla hujanunua kasha zima, kwa kuwa baadhi ya bunduki hizi hukataa kujijaza kwa risasi nyepesi mno.

Bunduki zenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, kama Browning Citori au Beretta 686, ni nzuri mno, lakini nyingi zitakuzidi bei maradufu au zaidi. Zina maana kwa mtu anayelengea visahani viwili kwa pamoja, au trapu ya Olimpiki ambayo hukuruhusu risasi mbili na visahani vyake huenda kasi zaidi. Binti hayuko huko bado.

Katika dola zako 1,000 usiiwekee bunduki zaidi ya 650 au 700. Kila wiki ya ligi hupigwa visahani 50, yaani boksi mbili za risasi, na boksi moja mara nyingi huuzwa takribani dola 10, mbali na mazoezi. Anahitaji miwani ya kukinga macho na vizibo vizuri vya masikio, vyake mwenyewe. Tena anahitaji sefu.

Na hapo nafika kwa mama wa watoto, ambaye namheshimu kwa msimamo wake. Usinunue bunduki hii mpaka akubali, na usimfanye akubali kwa kuchoshwa. Mwambie mambo yalivyo: kwamba Minnesota inahesabu kuwa ni kosa la jinai kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, kwamba bunduki itakaa tupu ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine, na kwamba ufunguo au namba za sefu mtazijua ninyi wawili tu, binti mwenyewe asizijue. Waulizeni pia viongozi wa klabu mnakofanyia mazoezi kama wana mahali pa kuhifadhi silaha za wanachama, au kama kuna mzazi wa timu mwenye sefu kubwa aliye tayari kuitunza kati ya Jumamosi moja na nyingine. Kama mama bado hataki, binti aendelee na bunduki ya timu msimu mzima ujao. Kocha anaweza kuibadilishia kitako kifupi, au kuongeza pedi ya kuinua mgongo ambayo hufungwa na kufunguliwa kwa dakika chache, na hilo peke yake litampunguzia maumivu. Wapo wanafunzi wanaofika mashindano ya jimbo kule Alexandria, Minnesota, mwezi Juni wakitumia bunduki za kuazima.

Sheria ina mambo machache ambayo sisi wageni tusiyapuuze. Nunua wewe mzazi, kwa jina lako, dukani au kwa kupitia mfanyabiashara mwenye leseni hata kama unamnunulia mzazi mwenzako, ili ukaguzi ufanyike na karatasi ziwepo. Kumnunulia mwanao kama zawadi ya kweli kunaruhusiwa. Kumnunulia mtu mwingine aliyekupa fedha zake huku ukiandika kwamba mnunuzi ni wewe ni kosa kubwa la serikali kuu. Wenye grini kadi wanaweza kununua, lakini walio hapa kwa viza za muda kwa jumla hawaruhusiwi isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa katika sheria, na kosa hapo linaweza kuharibu hata makaratasi yako ya uhamiaji. Kama hadhi yako ina utata wowote, muone mwanasheria kabla ya kuingia dukani. Bunduki isafiri tupu, ndani ya mkoba wake, na uipeleke uwanjani wewe mwenyewe. Isikae kamwe ndani ya gari kwenye eneo la shule, hata kama mazoezi yanaanza nusu saa baada ya kengele ya mwisho.

Fanyeni vile vipimo viwili wiki hii, kisha niandikie tena uniambie jicho linalotawala ni lipi, kimo cha binti, na umbali kati ya kifyatulio na mwisho wa kitako wa bunduki ya timu na wa ile BT-99. Nikiwa na namba hizo nitaweza kukuambia kama hiyo ya mzazi mwenzako inastahili kukatwa, au kama ni bora umshukuru na uendelee kutafuta.